KINAMASI CHA MARA: DARASA LENYE MASHAHIDI WAWILI

Makala ya mafunzo kwa walimu na wanafunzi wa shule za sekondari

Mwezi Machi 2022 wakazi wa sehemu ya chini ya Mto Mara, mkoani Mara, walikuta maji ya mto yamegeuka kuwa meusi na yananuka, na samaki wengi wanaelea wakiwa wafu. Serikali iliunda kamati ya uchunguzi. Kamati hiyo ilieleza kwamba oksijeni iliyoyeyuka majini ilikuwa imepungua mno kwa sababu ya kuoza kwa kinyesi cha mifugo na mimea. Wananchi wengi hawakuridhika na jibu hilo. Wao walikumbuka kwamba juu ya mto kuna machimbo ya dhahabu, na kwamba mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, yakaingia katika Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mto Mara.

Makala hii haikusudii kuamua ugomvi huo. Inakusudia kuuliza swali ambalo kila mwanasayansi angeliuliza kwanza: je, maji ya mto huu huwa na hali gani katika siku za kawaida? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa sampuli iliyochukuliwa siku ya msiba peke yake. Huhitaji kumbukumbu zilizowekwa mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, na mtu aliye karibu na mto, asiyehama. Shule ya sekondari ni mtu wa namna hiyo. Walimu hubadilika na wanafunzi huhitimu, lakini shule hubaki pale pale na daftari lake.

Safari ya mafunzo isiyo na swali ni matembezi tu. Wanafunzi hupanda gari, hutazama, hula chakula cha mchana na kurudi. Hapa tunaeleza jinsi ya kufanya safari yenye swali moja na mashahidi wawili: shahidi wa kwanza ni kipimo, na wa pili ni kumbukumbu ya wenyeji.

MTO NA KINAMASI CHAKE

Mto Mara huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ambako mito ya Nyangores na Amala hukutana. Hupita katika hifadhi ya Maasai Mara, huingia Tanzania kupitia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha huelekea magharibi kati ya Wilaya ya Tarime upande wa kaskazini na Wilaya ya Serengeti upande wa kusini. Urefu wake ni karibu kilomita 395, na bonde lake lina eneo la kilomita za mraba 13,750 hivi. Takriban theluthi mbili za bonde hilo zimo Kenya na theluthi moja Tanzania.

Unapokaribia Ziwa Viktoria mto hupoteza mteremko. Maji hupunguza mwendo, hutawanyika, na kufanya kinamasi kikubwa cha mafunjo kinachofika hadi karibu na daraja la Kirumi, kwenye barabara ya kutoka Musoma kwenda Sirari. Kutoka hapo maji huingia katika Ghuba ya Mara. Ukubwa wa kinamasi hiki hukadiriwa kuwa kilomita za mraba 400 hivi, lakini hupanuka na kunywea kufuatana na mvua na kimo cha ziwa. Kati ya mwaka 1961 na 1964, kwa mfano, Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Ziwa likipanda, maji ya mto hukosa njia ya kutoka kwa haraka, na kinamasi huongezeka.

Jambo la kwanza la kumfundisha mwanafunzi, basi, ni kwamba kinamasi ni mahali ambapo mto hutua mzigo wake. Udongo uliosombwa kutoka mashamba na malisho, kinyesi cha mifugo, majani na mizoga, vyote huja huku. Mzigo huo si mdogo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 na Amanda Subalusky na wenzake ulikadiria kwamba kila mwaka nyumbu wapatao 6,250 kwa wastani hufa maji katika Mto Mara wakati wa uhamaji wao, na mizoga yao ina uzito wa tani 1,100 hivi. Tukiongeza viboko wanaozidi 4,000 katika sehemu ya Kenya, ambao hula nyasi usiku nchi kavu na kunya majini mchana, tutaona kwamba hata bila ya binadamu mto huu hubeba vitu vingi vya kuoza.

KWA NINI MAJI YA KINAMASI HUKOSA HEWA

Funjo, ambalo wataalamu huliita Cyperus papyrus, ni mmea urefukao mita 4 au 5. Mashina yake yatambaayo husukana na mizizi na kufanya zulia nene, ambalo aghalabu huelea juu ya maji. Zulia hilo hukamata mashapo, na mizizi hufyonza naitrojeni na fosforasi. Ndiyo maana kinamasi hulinganishwa na chujio: maji huingia yakiwa na tope na hutoka yakiwa safi zaidi.

Lakini chujio hilo lina bei yake. Chini ya mafunjo kuna kivuli kizito, kwa hiyo mimea midogo ya majini haipati mwanga wa kutosha kufanya usanisinuru na kutoa oksijeni. Upepo hauyafikii maji ili kuyachanganya na hewa. Zaidi ya hayo, majani makavu ya mafunjo huanguka na kuoza, na bakteria wanaoyaozesha hutumia oksijeni. Katika kimo cha Ziwa Viktoria, yaani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi yaliyoshiba hewa huwa na miligramu 7 hivi za oksijeni kwa lita. Ndani ya kinamasi cha mafunjo oksijeni huweza kukaribia sifuri.

Hapa mwalimu hana budi kusimama na kutilia mkazo. Upungufu wa oksijeni katikati ya kinamasi ni hali ya asili, wala si dalili ya sumu. Hatari hutokea pale maji hayo yasiyo na hewa, au uchafu uliotuama, yanaposukumwa kwa ghafula hadi kwenye mto au ziwa ambako samaki hawakuyazoea. Christopher Dutton na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba jambo hilo hutokea katika sehemu ya juu ya Mto Mara: kinyesi cha viboko hutuama katika madimbwi wakati maji ni machache, kisha mvua kubwa hukisomba chote kwa pamoja, oksijeni huanguka, na mara nyingine samaki hufa. Ng'ombe wengi wakikaa muda mrefu kandokando ya maji wakati wa kiangazi, mvua za kwanza zaweza kuleta matokeo ya jinsi hiyo hiyo.

SAMAKI NI MASHAHIDI

Maisha ya samaki wa kinamasi ni somo zuri la jinsi viumbe vinavyolingana na makazi yao. Kamongo ana mapafu, na ni lazima apande juu kuvuta hewa. Ukimzuia chini ya maji atakufa. Kambare ana kiungo chenye matawi kama ya mti mdogo, kilicho juu ya matamvua, ambacho humwezesha kutumia hewa ya juu. Sato na sangara hutegemea matamvua. Sangara hasa hawezi kuvumilia maji yenye oksijeni kidogo.

Udhaifu huo wa sangara umewaokoa wengine. Alipopandikizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, samaki wengi wa asili waliliwa karibu kumalizika. Uchunguzi wa Lauren Chapman na wenzake katika Ziwa Nabugabo nchini Uganda ulionyesha kwamba vinamasi vya kandokando ya ziwa viliwapa baadhi ya samaki wa asili kimbilio, kwa kuwa wao huvumilia uhaba wa hewa ambao adui yao hauwezi. Mahali panapoonekana kuwa pabaya, kumbe ni ngome.

Sasa mwanafunzi anaweza kufikiri kama mpelelezi. Tuseme samaki wamekufa. Kama wanaotegemea matamvua wamekufa wote, huku kambare na kamongo wakiwa hai, hiyo ni ishara ya uhaba wa oksijeni. Kama kambare na kamongo nao wamekufa, pamoja na wadudu wa majini, tena mahali ambapo oksijeni ni ya kutosha, hatuna budi kushuku sumu na kuomba maabara ipime. Ishara si uthibitisho, lakini mtu aliyeandika siku ile ile ni samaki gani waliokufa na ni gani waliopona, amemsaidia mtaalamu kuliko aliyeandika tu kwamba "samaki wengi wamekufa."

SHAHIDI WA KWANZA: KIPIMO

Chagueni vituo vitatu: kimoja juu ya kinamasi, mathalan kwenye daraja la Mto Mara katika barabara ya Tarime na Mugumu, kimoja kwenye ukingo wa kinamasi, na kimoja chini yake, kwenye daraja la Kirumi. Shule isiyoweza kufika vituo vyote ichague kimoja na kushirikiana na shule nyingine. Pimeni kila mara saa ile ile, kwa kuwa oksijeni huwa chini alfajiri na hupanda mchana.

(a) Mwendo wa maji. Mwanafunzi mmoja adondoshe chungwa upande wa juu wa daraja, na mwingine ahesabu sekunde hadi litokee upande wa pili. Gawanyeni upana wa daraja kwa sekunde hizo. Rudieni mara tano mpate wastani. Mwalimu alinde wanafunzi dhidi ya magari.

(b) Mashapo. Teka lita moja ya maji kwa ndoo yenye kamba. Yachuje kwa karatasi ya kuchujia ambayo imepimwa uzito, ikaushe, ipime tena. Tofauti ni uzito wa mashapo katika lita moja. Linganisheni kituo cha juu na cha chini: hapo mtaona kwa gramu kazi ya chujio.

(c) Haja ya oksijeni. Jaza chupa ya kioo maji ya mto hadi pomoni, tia matone machache ya methilini buluu hadi rangi ionekane wazi, funga pasibaki povu, uiweke gizani. Fanya vivyo hivyo kwa maji safi ya kisima, ili pawe na kitu cha kulinganishia. Bakteria wakimaliza oksijeni, rangi ya buluu hutoweka. Chagueni chupa zilizo sawa, matone yaliyo sawa na joto lililo sawa, kisha andikeni saa zilizopita kabla ya rangi kutoweka. Maji ambayo rangi yake hupotea baada ya saa chache yana vitu vingi vya kuoza au yalikuwa na oksijeni kidogo tangu mwanzo. Yanayodumu siku nyingi yana hali njema. Jaribio hili halitoi miligramu, bali hutoa ulinganisho.

(d) Mimea. Nyosheni kamba ya mita 50 kutoka nchi kavu kuelekea majini, na muishie pale ardhi inapoanza kuwa tepetepe. Kila baada ya mita 5 wekeni kiunzi cha mraba cha mita 1 kwa 1, mhesabu aina za mimea. Andikeni ni wapi nyasi huishia, matete na mafunjo huanzia wapi, na kama kuna gugumaji. Hesabuni pia njia za mifugo na mashamba yaliyo ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya kipimo hicho shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ya mto au ziwa.

SHAHIDI WA PILI: KUMBUKUMBU

Vipimo vya shule vitaanza siku shule itakapoanza. Kwa yale ya nyuma hatuna budi kuwaendea wenyeji. Wakurya wa Tarime na Serengeti, pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata na wengineo, wameishi na maji haya kwa vizazi vingi, na maarifa yao yamehifadhiwa katika majina ya mahali, nyimbo za litungu, miiko na hadithi za koo. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alihariri mwaka 2003 kitabu cha historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara ya Kusini, na mwaka 2007 akatoa kitabu juu ya jinsi watu wa magharibi ya Serengeti wanavyoikumbuka nchi yao. Katika masimulizi hayo chemchemi, vilima na vichaka fulani ni makao ya emisambwa, yaani mizimu ya wahenga walinzi wa nchi. Mahali hapo pana masharti yake kuhusu nani aingie na nini kifanyike. Mwanafunzi wa elimuviumbe atazame: mahali palipolindwa kwa mwiko pana miti gani ambayo kwingine imekwisha?

Kumbukumbu nayo ina namna yake ya kupimwa. Mzee akisema "zamani maji yalifika pale," usimwulize mwaka. Mwulize ni rika gani lililotahiriwa wakati huo. Kwa Wakurya kila rika la tohara, esaro, lina jina lake, na mfuatano wa majina hayo ni kalenda. Matukio makubwa pia husaidia: ugonjwa wa sotoka ulioua ng'ombe katika miaka ya 1890, au mafuriko yaliyofuata uhuru. Mwulizeni kila msimulizi pekee kabla ya kuwakusanya pamoja, ili mmoja asimfuate mwenzake. Tena msiwaulize wanaume peke yao. Mara nyingi wanaoteka maji na kukata mafunjo ya kufumia majamvi ni wanawake, nao huona mabadiliko mapema.

Maswali yawe machache na dhahiri. Je, mafunjo yalikuwapo hapa ulipokuwa mtoto? Ni samaki gani waliopatikana zamani na sasa hawapo? Ng'ombe walinyweshwa wapi wakati wa kiangazi? Na swali kuu: je, maji yamewahi kuwa meusi kabla ya 2022? Kama ndiyo, ilikuwa majira gani, na mvua ilikuwaje?

KUWAPAMBANISHA MASHAHIDI

Faida ya kuwa na mashahidi wawili ni kwamba kila mmoja humsahihisha mwenzake. Picha za setilaiti zinaonyesha kwamba kinamasi cha Mara kimepanuka tangu miaka ya 1970. Wataalamu wengi wanahusisha upanuzi huo na udongo uliosombwa kutoka sehemu za juu. Mzee akisema kwamba malisho ya baba yake sasa yamo chini ya mafunjo, maneno yake na picha vinakubaliana, na tumepata jambo la kuaminika. Wasipokubaliana, msiharakishe kumwona mmoja mwongo. Huenda mzee anazungumzia mahali padogo ambapo picha haipaoni, au huenda kumbukumbu imehamisha tukio. Andikeni maneno yote mawili, mrudi kuuliza tena.

Vivyo hivyo kuhusu maji meusi. Wazee wakisema kwamba jambo hilo si geni, maelezo ya kuoza yanapata nguvu, ingawa bado tutauliza kwa nini safari hii lilikuwa kubwa hivyo. Wakisema halijapata kutokea, basi lazima kuna kitu kilichobadilika: idadi ya mifugo, misitu ya juu, machimbo, au yote kwa pamoja. Kwa vyovyote vile, sababu moja haiiondoi nyingine. Mto unaweza kuumizwa na kinyesi na pia na madini. Kubishana kana kwamba ni lazima kuchagua moja si sayansi.

TAHADHARI

Mtu yeyote asiingie majini. Mto Mara una mamba na viboko, na konokono wa maji yaliyotuama hueneza kichocho. Wanafunzi wavae viatu vya mpira na glavu, wakae pamoja, na wanawe kwa maji safi na sabuni. Maji yanayotoka kwenye machimbo yasiguswe. Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki, ambayo huwezi kuiona wala kuinusa. Kabla ya safari mwalimu apate ruhusa ya serikali ya kijiji na aonane na wazee. Mahali pa emisambwa pasikanyagwe bila ya idhini, na kisikatwe hata kijiti. Jina la msimulizi lisiandikwe bila ya ridhaa yake.

BAADA YA SAFARI

Daftari la shule liwe na safu hizi: tarehe, saa, kituo, mvua ya juma lililopita, mwendo wa maji, uzito wa mashapo, saa za methilini buluu, rangi na harufu, samaki walioonekana, na maneno ya wenyeji. Nakala moja ipelekwe ofisi ya kijiji, kwa kuwa maarifa yaliyochukuliwa kijijini ni deni. Safari irudiwe angalau mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi na katikati ya masika. Daftari la mwaka mmoja litakuwa zoezi la darasani. La miaka kumi litakuwa ushahidi ambao siku maji yatakapogeuka meusi tena, mwanakijiji na mtaalamu wataweza kuufungua mezani na kuusoma pamoja.

MASWALI YA ZOEZI

1. Eleza sababu tatu zinazofanya maji ya kinamasi cha mafunjo yawe na oksijeni kidogo hata pasipo uchafuzi.
2. Chupa A, yenye maji ya daraja la juu, ilipoteza rangi baada ya saa 60. Chupa B, ya ukingo wa kinamasi, baada ya saa 9. Je, inatosha kusema kwamba maji ya B yamechafuliwa na binadamu? Toa sababu.
3. Kwa nini kimbilio la samaki wa asili lingepotea kama mafunjo yote yangekatwa?
4. Mpango wa kijiji unataka kulima mpunga mita 20 kutoka kwenye maji. Jadili faida na hasara zake, ukitumia vipimo na sheria.
5. Mwulize mtu mzima kuliko wote nyumbani kwenu juu ya mto au chemchemi iliyo karibu. Tafuta mwaka wa tukio moja analolikumbuka kwa kutumia rika au tukio lijulikanalo, kisha ueleze ni kwa kiasi gani unaweza kuuamini mwaka huo.